Gari la Spoti Lililotembea Sana: Jinsi ya Kuamua Kulinunua au Kuliacha Hapa Uganda

Mpwa wangu alinipigia simu saa mbili usiku, anahema kama aliyekimbizwa.

"Shikamoo mjomba. Nimeona Subaru Ndeeba. WRX ya 2004, gia za mkono, bluu, rimu za dhahabu. Wanataka milioni ishirini na nne. Odometa inasoma laki moja na kumi na nane tu. Dalali anasema kesho kuna mtu mwingine anakuja na pesa mkononi."

"Marahaba. Mbali na bluu, umeona nini?"

Kimya. Mtu mwingine mwenye pesa mkononi yupo kila siku Ndeeba, mtaa wa Kampala wa madalali wa magari, na sijawahi kumwona sura. Nilimwambia mpwa wangu asilipe hata shilingi ya kushikia gari, kisha nikaanza kumwandikia haya. Mimi si fundi. Ni mtu niliyependa magari yenye mbio tangu ujana, nikanunua vibaya mara moja, na tangu hapo naingia sokoni na tochi, glavu na moyo mgumu.

Anza na jambo hili kabla ya mengine: kwa gari la aina hii, kilomita ngapi ni swali la pili. La kwanza ni mikono gani. Mashine ya mbio iliyofika kilomita 220,000 mikononi mwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati inaweza kukuzika. Ya kilomita 90,000 iliyopita kwa vijana watano wanaopiga gesi injini ikiwa baridi itakufia wiki ya kwanza.

Kwa nini soko letu limejaa magari yaliyochoka

Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na magari yaliyozeeka yanayoruhusiwa hutozwa ushuru wa mazingira juu ya kodi nyingine. Sasa piga hesabu. Toyota Altezza ya mwisho ilitengenezwa 2005. Subaru Impreza za umbo la GD, pamoja na WRX zake ambazo vijana wanazipenda, ziliisha 2007. Mitsubishi Lancer Evolution IX nayo ikaishia 2007. Hakuna hata moja itakayoshuka tena Mombasa kuja kwetu. Zilizopo ndizo hizo hizo, zinazunguka kutoka mkono hadi mkono, Kampala, Mbarara, Gulu, zinarudi Kampala na rangi mpya.

Ndiyo maana ukikuta WRX ya 2004 "mpya kutoka bondi," yaani yadi ya magari yaliyotoka bandarini, ondoka bila kuaga. Iko nchini miaka mingi, na maisha yake ya hapa ndiyo unayotakiwa kuyajua. Ya Japani ni utangulizi tu.

Jipime mfuko kabla ya kupima gari

Ukiwa na milioni 24, usitafute gari la milioni 24. Tafuta la milioni 16, theluthi inayobaki iweke kando. Wengi wananuna nikisema hivi, kwa sababu la milioni 16 halina rimu za dhahabu. Lakini gari la spoti lililotembea sana ni lazima likudai katika miezi mitatu ya kwanza: mkanda wa taimingi (unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni), klachi, bushi, matairi manne, labda turbo. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua huishia kuendesha gari bovu au kuliegesha nyumbani liwe banda la kuku.

Kisha mafuta. Injini ya turbo ya lita mbili inayovuta magurudumu yote manne, kwenye foleni ya Kampala, itakupa kilomita 6 au 7 kwa lita. Ukitembea kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni kilomita 780, kama lita 120. Tuchukulie lita kwa shilingi 5,000: laki sita kila mwezi, kabla hujanunua tone la oili. Kama laki sita inakushtua, bora ikushtue leo kuliko Desemba.

Na petroli yenyewe ina neno. Magari haya yaliundwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake (kipimo cha mafuta kustahimili kuwaka kabla ya wakati) haishuki chini ya 96 na mara nyingi hufika 98 au zaidi. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Turbo ikisukuma hewa nyingi huku mafuta ni dhaifu, moto unawaka kabla ya wakati ndani ya silinda. Unasikia mlio kama changarawe kwenye kopo, na mlio huo ndio unaotoboa pistoni. Muuliza mwenye gari anajaza mafuta gani na wapi. Asiyejua swali linahusu nini amekwisha kukujibu.

Swali la mwisho la mfuko: hili ndilo gari lako la pekee? La kupeleka mtoto hospitali usiku? Basi soma hadi mwisho kwa kujifurahisha, halafu kanunue Toyota Premio ya kawaida.

Karatasi kwanza, boneti baadaye

Usiruhusu wakufungulie boneti kabla hujaona logbuku, kitabu cha usajili wa gari. Moyo ukishaingia kwenye injini, macho hayasomi tena karatasi.

Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye logbuku na iliyogongwa kwenye bati la gari. Kwenye Impreza za Japani utaikuta kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, na herufi zake za mwanzo zinasema ukweli ambao nembo zinauficha. GDA ni WRX ya kawaida, gia tano. GDB ndiyo STI yenyewe, WRX kali zaidi, gia sita, breki za Brembo. GD2 au GD3 ni Impreza ya injini ndogo ya lita moja na nusu iliyovalishwa nguo za kaka yake. Kwa Altezza, SXE10 ina injini ya silinda nne yenye mbio, GXE10 ina silinda sita laini isiyo na haraka. Nembo ya STI hununuliwa Kisekka, soko la spea la Kampala, kwa bei ya chakula cha mchana. Herufi zilizogongwa kwenye bati hazibadilishwi kirahisi, na ukiona pameguswa grainda au rangi ya pale ni tofauti na ya jirani, ondoka.

Jina kwenye logbuku liwe la mtu anayekuuzia. Mtindo wa hapa ni gari kupita kwa watu watatu na fomu ya kuhamisha iliyosainiwa na wa kwanza, ambaye sasa yuko Juba au kaburini. Likitokea la kutokea, utaanza kumtafuta. Omba upekuzi wa umiliki kwenye sajili ya magari, kisha upekuzi wa pili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, ujue kama gari limewekwa rehani. Wakopeshaji wengi wa Kampala hushika magari, na magari yenye sura ya kupendeza ndiyo hukopewa sana. Angalia pia kama lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Malipo yapitie benki, mkataba uandikwe mbele ya wakili au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na uhamishe jina mara moja kwa TIN yako, namba ya mlipakodi. Usiseme "nitabadilisha baadaye."

Kusoma kilomita bila kuamini odometa

Hapa ndipo nilipolia mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 nilinunua Subaru Legacy ya 1999, ile ya turbo mbili, kwa mtu mmoja mpole sana. Odometa ilisoma 92,000. Nikaambiwa mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye 100,000, kwa hiyo bado nina nafasi. Gari lilikuwa tamu, ingawa katikati ya turbo ya kwanza na ya pili lilikuwa linasita kama mtu aliyesahau neno. Miezi michache baadaye, nikitoka Masaka, nimekaribia mstari wa Ikweta pale Kayabwe, injini ilizima bila onyo. Hakuna mlio mkubwa. Mshindo mmoja mdogo, kisha kimya. Mkanda ulikatika, pistoni zikagonga valvu, valvu zikapinda. Injini za aina ile haziachi nafasi kati ya pistoni na valvu pale mkanda unapokatika.

Fundi alipofungua kifuniko alinionyesha stika ndogo iliyobandikwa juu yake tangu Japani. Ilikuwapo siku zote. Niliiona siku ya kununua nikadhani ni pambo. Ilikuwa na maandishi ya Kijapani, na tarakimu mbili ninazozijua hadi leo: 18 na 101,000. Mkanda ulibadilishwa mwaka wa 18 wa Heisei, enzi ya Kijapani, yaani 2006, gari likiwa na kilomita 101,000. Mimi nilinunua gari hilo hilo miaka minane baadaye likisoma 92,000.

Kwa hiyo jifunze hesabu hii: mwaka wa Heisei jumlisha 1988. Heisei 20 ni 2008. Mwaka wa Reiwa, enzi iliyofuata, jumlisha 2018. Tafuta stika hizo kwenye kifuniko cha mkanda, ndani ya nguzo ya mlango wa dereva, chini ya boneti, pembeni ya chujio cha hewa. Ukikuta tarehe na kilomita, umepata shahidi asiyehongwa.

Shahidi wa pili ni karatasi za Japani, kama mwenye gari wa kwanza alizitunza. Cheti cha kusafirisha gari nje huwa na kilomita. Karatasi ya mnada ina alama: nyota karibu na kilomita maana yake usomaji hauaminiki, na alama ya dola maana yake odometa ilibadilishwa. Daraja la R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa.

Shahidi wa tatu ni mwili wa gari. Kaa kiti cha dereva. Tazama mto wa pembeni wa kiti, upande wa mlango, unapokwaruzwa kila mtu anaposhuka. Gusa mpira wa pedali ya klachi. Ukiwa umelainika hadi mistari imepotea, hiyo si klachi ya kilomita 118,000. Ukiwa mpya kabisa kwenye gari la miaka ishirini, jiulize ni nani aliyeubadilisha na kwa nini. Usukani unaong'aa saa tatu na saa tisa. Kichwa cha gia kilichofutika namba. Kisha rudi kwenye hesabu: Mjapani wa kawaida huendesha chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka. Gari la 2004 lililoingia Uganda 2012 na kilomita 75,000, likaishi hapa zaidi ya miaka kumi, haliwezi kusoma 118,000 isipokuwa lilikuwa sebuleni.

Nikiona odometa inadanganya, je, naliacha? Si lazima. Naacha kuiamini, napandisha kilomita kichwani hadi 250,000, na bei inashuka kulingana na hiyo. Ninayemwacha ni muuzaji anayeapa kwa jina la mama yake kwamba ni halisi.

Injini ikiwa baridi, si vinginevyo

Panga kufika alfajiri, na usiseme saa kamili. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika, na kuna jambo walilotaka lipite kabla yako. Kunywa chai, rudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, vuta kijiti cha oili kwanza. Oili nyeusi si dhambi. Oili iliyo chini ya alama kwenye injini ya turbo ni dhambi kubwa, kwa sababu mtu asiyekagua oili ndiye mikono niliyokuonya. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye utando wa mafuta au oili yenye povu la rangi ya chai ya maziwa inamaanisha gasketi ya silinda hedi imeachia. Kisha mwambie mwingine awashe, wewe simama nyuma karibu na eksozi. Moshi wa bluu mzito wakati wa kuwasha unaweza kuwa mpira wa valvu. Wa bluu unaoendelea ukikanyaga gesi ni ringi za pistoni au turbo. Mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji yanayoungua. Gonga-gonga ya mbali inayotoweka injini ikipata joto ni kawaida kidogo kwa Subaru za zamani, silinda zao zikiwa zimelala ubavu. Inayoongezeka na joto inakuambia injini inataka kunoki, yaani kufa.

Turbo, toa bomba la hewa linaloingia, ingiza vidole, shika kishafti. Kuzunguka lazima kizunguke. Kucheza kidogo pembeni kunavumilika. Kikiingia na kutoka kama kiti kibovu, turbo imekwisha.

Halafu kipimo cha mgandamizo, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani, ambacho muuzaji hatakipenda. Fundi anatoa plagi, anafunga geji kwenye kila silinda, anazungusha injini. Hapa ni Kampala, mita kama 1,200 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni karibu asilimia 13 chini ya la pwani, kwa hiyo namba za kitabu cha kiwanda zitaonekana kubwa kuliko zako. Usihofu namba ya chini kwa zote. Hofu tofauti. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Mazda RX-8 hata usiipime kwa geji hii; injini yake ya kuzunguka haina pistoni na inataka kipimo chake maalumu. Kama fundi wako hana, hiyo ni sababu ya kutoinunua, na mimi siinunui hata akiwa nacho.

Mwishowe uliza kuhusu marekebisho. Eksozi inayopiga mabomu jioni kule Kololo inafurahisha wasiolipia injini. Mabomu hayo ni mafuta yanayowaka nje ya silinda, na joto lake linakula valvu za eksozi na turbo. Gari lililobadilishwa kompyuta na mtu asiyejulikana, likaongezewa msukumo wa turbo huku likinywa petroli ya kawaida, mimi huliacha hata kama linang'aa. Lililo kama lilivyotoka kiwandani, hata rangi ikiwa imekwaruzwa, nalifuata hadi Gulu.

Chini na pembeni

Lipandishe kwenye rampu au shimoni. Hapo dakika kumi zinatosha: weldi mpya kwenye chasisi, kutu kwenye viringo vya magurudumu ya nyuma (magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani hulala kwenye chumvi ya barabarani), oili inayodondoka kwenye giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), bushi zilizochanika. Mwili wa gari, tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pasiposhika pamejaa puti.

Matairi yatazame kwa makini kwa gari linalovuta magurudumu manne. Yawe ya ukubwa mmoja na uchakavu unaokaribiana. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika, inapika, inakufa. Anayeweka matairi mchanganyiko kwenye Subaru hajui anamiliki nini.

Barabarani

Usikubali kuzunguka mtaa mmoja. Ukiwa Ndeeba, nenda Nateete kwenye foleni, panda kilima cha Mutundwe, teremka, kisha ingia Northern Bypass kutoka Busega. Nusu saa kamili, redio imezimwa.

Foleni ni kipimo cha joto. Sindano ikipanda ukisimama na kushuka ukitembea, feni au rejeta ina neno. Kwenye kilima, weka gia ya tatu kwa mwendo mdogo kisha kanyaga: mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuvuta, klachi inateleza. Kwenye uwanja mpana, kata kona kali polepole. Gari likijikaza na kuruka-ruka, ni difu ya katikati. Gia ya pili ndiyo huumia kwanza. Ibadilishe haraka kutoka ya tatu kushuka, ikisaga, sinkronaiza imechoka. Kwenye bypass, achia gesi ukiwa kwenye mwendo halafu kanyaga tena, mwenzako atazame nyuma moshi. Shika breki kwa nguvu mara tatu mfululizo. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda.

Ukirudi, acha injini iunguruke kidogo kabla ya kuzima, na tazama muuzaji anafanya nini. Mwenye turbo aliyezoea atakuomba usizime upesi. Aliyezima yeye mwenyewe papo hapo, na turbo bado nyekundu, amekuonyesha alivyoishi na gari lake.

Bei

Kila ulichokiona kiandike, kisha uende Kisekka mwenyewe ukaulize bei ya kila spea, mpya na ya mtumba, kabla ya kurudi kwa muuzaji. Usimwambie "punguza bosi." Mwonyeshe karatasi: mkanda na pampu ya maji kiasi hiki, klachi kiasi hiki, matairi manne, ufundi. Jumlisha mbele yake. Wengi watakasirika, wachache watakaa chini. Hao wachache ndio wenye magari ya kununua.

Nikiulizwa gari gani kwa anayeanza, nasema Altezza ya gia za mkono, haina turbo, spea zake nyingi mafundi wetu wanazijua. Toyota Mark X ukitaka starehe na silinda sita. WRX kama una fundi wa Subaru wa kudumu. Evolution ni ya mwenye mfuko usiouliza maswali.

Yaliyompata mpwa wangu

Bluu ile ya Ndeeba tuliiendea mara tatu. Mara mbili tulikuta injini ya moto saa moja asubuhi, dalali akasema alikuwa anaipasha "ili isiwasumbue, bosi." Mara ya tatu tulifika kabla lango halijafunguliwa. Nembo ilisema STI, chasisi ikasema GDA. Mpira wa klachi ulikuwa umelika hadi chuma. Geji ikasoma silinda tatu karibu 125, ya nne 88. Dalali akaichukua geji, akaitikisa, akasema imeharibika, ikapimwa tena, ikasema 88.

Wiki tano baadaye tulikwenda Mbarara kuona Altezza ya mzee mmoja. Kilomita 214,000. Mpwa wangu alisinyaa barabara nzima. Mzee alitukaribisha kwa chai kabla ya gari.

"Mzee, oili unabadilisha baada ya kilomita ngapi?" nikamuuliza.

"Elfu tano, mwanangu. Mungu akinijalia pesa, elfu nne." Akaleta daftari la shule lenye jalada lililoraruka, kila oili imeandikwa kwa mkono, tarehe, kilomita, bei. Kosa lake moja tu. Chini ya boneti stika ya Kijapani ilisema mkanda ulibadilishwa Heisei 23 kwenye kilomita 104,000, na daftari halikuutaja tena. Tulilipunguza hilo kwenye bei, tukamaliza kwa milioni 15, karatasi tukazisaini mjini siku hiyo hiyo. Gari lilikuja Kampala juu ya lori, si kwa magurudumu yake.

Wiki ya kwanza halikwenda popote. Mkanda, pampu ya maji, rola za mkanda, oili ya injini, ya gia na ya difu, maji ya rejeta, mafuta ya breki, plagi, chujio zote. Kilomita elfu moja za mwanzo alikagua oili kila asubuhi. Baada ya hapo kila Jumamosi, na elfu tano haipitwi. Alinunua daftari lake akaanzia pale la mzee lilipoishia.

Mkanda wa zamani fundi alipoutoa aliukunja kidogo kwa vidole, na nyufa zikafunguka kati ya kila jino na jino. Mpwa wangu alitaka kuutupa. Nikamwomba. Sasa uko stoo kwangu, kwenye msumari mmoja na kile kipande kilichotoka kwenye Legacy yangu Kayabwe.